Kabla Hujaokota Jiwe

"Wamekuja bila maji!" Kelele hiyo sisi askari wa zimamoto tumeizoea. Husikika hata kabla mpira haujatandazwa, na wakiipokea wa pili na wa tatu, jiwe la kwanza haliko mbali. Mwenye nyumba tunamwelewa. Huwezi kumwambia atulie mtu anayetazama chumba chake kikiteketea. Leo nasema na wale waliokuja kutazama tu.

Gari lenye lita 5,000, mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, linakauka kwa dakika 10. Ikifunguliwa mipira miwili, dakika 5. Likiondoka kwenda kujaza, mtaani husemwa limekimbia. Lilikuja na maji, yamekwisha.

Pengine askari wamefika, wameshika mpira, na hawamwagi. Mara nyingi wanasubiri TANESCO wakate umeme, kwa sababu waya ulioangukia bati unaweza kumuua askari na jirani aliyeegemea ukuta.

Ila kinachotugombanisha zaidi hapa Kigoma ni mawese. Banda lenye madumu ya mawese likishika moto, watu hutupigia kelele tumwage maji, na wengine huja na ndoo zao. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yanazama chini ya mafuta yanayochemka, yanageuka mvuke ghafla, na mvuke huo unataka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji. Mafuta yanarushwa juu yakiwaka na kuangukia paa la jirani. (Mama aliyewahi kudondosha maji kwenye karai la maandazi hahitaji somo langu.) Kwa hiyo tunatumia povu, linaloufunika moto na kuunyima hewa. Kuliandaa huchukua muda kidogo, na matusi huanza hapo hapo.

Kioo cha gari kikipasuliwa, dereva haoni. Askari anayekwepa mawe hawezi kushika mpira, na nyumba ya tatu, ambayo ingepona, inaingia motoni.

Vichochoro vya Ujiji ni vyembamba. Anayetaka kusaidia aondoe bodaboda njiani, asimame barabarani atuelekeze, au atuonyeshe maji yalipo karibu. Ukipiga 114, taja mtaa, taja msikiti au shule iliyo jirani, kisha useme kinachoungua. Ukisema ni mawese, povu tutaanza kulifikiria tukiwa bado njiani.