Tabibu wa Naturopathi Amesomea Nini? Maswali na Majibu

Naturopathi ni tiba gani?

Ni tiba inayotumia lishe, mitishamba, maji, kukanda mwili na kubadili mtindo wa maisha, kwa msingi kwamba mwili ukisaidiwa hujiponya. Chimbuko lake ni Ulaya, hasa Ujerumani. Aliyeieneza Marekani ni Benedict Lust, Mjerumani aliyefungua chuo New York mwanzoni mwa karne ya 20. Baadhi ya ushauri wake hata daktari wa hospitali atakupa: mwenye presha apunguze chumvi, mwenye kisukari afanye mazoezi. Lakini humohumo utakuta homeopathi, ambayo dawa yake huzimuliwa mara nyingi hadi mara nyingine isibaki hata chembe. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inatibu ugonjwa wowote.

Wanasoma kweli, au ni cheti tu?

Wapo wa aina zote mbili, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Marekani na Kanada kuna vyuo vyenye ithibati, kama Bastyr karibu na Seattle, ambako mtu mwenye shahada ya kwanza husoma miaka minne mingine: anatomia, magonjwa, dawa, mitishamba, pamoja na angalau saa 1,200 za vitendo kliniki. Kisha hufanya mtihani wa leseni. Kuna na wengine waliosoma kwa posta au mtandaoni, nao pia hujiita matabibu wa naturopathi. Leseni hutolewa katika baadhi ya majimbo tu. Kwingineko jina pekee halikuambii umekaa mbele ya nani.

Huyo wa miaka minne ni sawa na daktari wa hospitali?

Hapana. Daktari wa Marekani akimaliza chuo hufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kwa miaka mitatu au zaidi, usiku na mchana, akihudumia wagonjwa mahututi. Wahitimu wengi wa naturopathi hawalazimiki kupita huko. Kutambua mapema homa ya uti wa mgongo au mshtuko wa moyo hujengwa na kuona wagonjwa wengi wa namna hiyo.

Natumia dawa za hospitali. Mitishamba itanidhuru?

Inaweza. Chukua haiperikamu, mmea wa maua ya njano unaouzwa kama vidonge vya kuondoa huzuni. Huamsha vimeng'enya vya ini, navyo huvunjavunja dawa nyingine kabla hazijafanya kazi. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba. Anayetumia ARV, virusi vyake vinaweza kupanda tena. Wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, damu yake inaweza kuganda. Kwa hiyo mwonyeshe tabibu dawa zako zote, na daktari mwonyeshe chupa ya mitishamba. Usimfiche yeyote kwa kuogopa kugombezwa.

Nimuulize nini kabla ya kuanza?

Chuo gani, miaka mingapi, leseni ya wapi. Kisha hakikisha mwenyewe kwa mamlaka iliyoitoa. Ukiwa Tanzania, ulizia usajili wake kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Ameniambia niache insulini kwanza, "mwili usafishwe."

Usiache. Mwenye kisukari aina ya kwanza akikosa insulini, damu hujaa asidi, na ndani ya siku chache anaweza kufa. Kama umeshaacha na unatapika, una kiu kali au unahema kwa nguvu, nenda hospitali sasa hivi.