Mazoezi ya jukwaani yanavyoijenga filamu

Vijana ninaoongoza maigizo yao hapa Lamu huniuliza jukwaa lina faida gani tena, maadamu simu inatosha kupigia filamu. Mimi huwajibu kwa mfano wa mwongozaji filamu Sidney Lumet.

Mmarekani huyu alizaliwa 1924. Baba yake alikuwa mwigizaji wa tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, na yeye mwenyewe alipanda jukwaani tangu utotoni, kisha akaongoza michezo ya jukwaani na ya televisheni New York. Filamu yake ya kwanza, 12 Angry Men, ilitoka 1957: raia 12 wamefungiwa chumbani kuamua kesi ya mauaji, na karibu hadithi yote inatokea humo.

Kabla ya kupiga picha, aliwafanyisha waigizaji mazoezi kwa wiki mbili. Alikuwa na sababu nzito. Pesa zilikuwa chache, kwa hiyo taa zikishapangwa upande mmoja, maneno yote ya upande huo yalipigwa kwa mfululizo, ya mwanzo wa hadithi na ya mwisho wake. Mtu alitakiwa afoke leo kwa ugomvi ambao chanzo chake kitapigwa baadaye. Kama hajaushika mchezo mzima, atajuaje hasira yake imefika wapi?

Lenzi nazo alizipanga kwa makusudi. Alianza na lenzi pana, inayoonyesha eneo kubwa, kamera ikiwa juu ya usawa wa macho. Taratibu akahamia lenzi ndefu, zinazofanya kuta zionekane zimewakaribia watu, huku kamera ikishuka hadi dari ikaingia kwenye picha. Chumba ni kilekile, lakini mtazamaji anahisi kinambana. Jukwaani sina uwezo huo. Kila mtazamaji hubaki kwenye kiti chake.

Vyumba vya namna hiyo tunavyo. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Lenzi ndefu inahitaji umbali, basi simamisha kamera kwenye ncha moja ya chumba upige kwa urefu wake. Ishushe, na boriti zitatokea juu ya vichwa vya waigizaji. (Sauti pia ipangeni kufuata nyakati za adhana, misikiti yetu iko karibu karibu.)

Lakini kwanza chezeni mchezo wote humohumo, mwanzo hadi mwisho, bila kamera. Mimi kamera huileta wakati kila mwigizaji ameshajua anasimama wapi, na kwa nini.