Kukaa juu ya chati: wimbo wa ajabu hudumuje?

Harusini Lamu, wimbo ukimkuna mtu huinuka na noti yake akaenda kumtunza mwimbaji. Usiku mmoja nilimwona shangazi akiutunza wimbo mmoja mara tatu. Akikunja noti ya mia, akienda kwa mwendo wa kucheza, akirudi kuketi, mara kainuka tena. Ukizihesabu noti utajua wimbo uliotunzwa sana. Ulio mzuri zaidi hutaujua kwa hesabu hiyo, na chati ya muziki ni hesabu ya namna hiyohiyo.

Chati ni orodha ya nyimbo zilizonunuliwa au kusikilizwa zaidi katika wiki moja. Ile ya kwanza Uingereza, Novemba 1952, ilipatikana kwa kuyapigia simu maduka ya santuri na kuuliza kimeuzwa nini. Namba moja ameshinda nyimbo za wiki ile tu; wiki ya pili hesabu huanza upya. Kwa hiyo kufika juu ni jambo moja, kukaa juu ni jingine.

Tuutazame "Bohemian Rhapsody" wa kundi la Queen, uliokaa namba moja Uingereza wiki 9 kuanzia mwishoni mwa 1975. Mtunzi wake, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja, 1946. Wimbo una karibu dakika 6 na hauna kibwagizo. Unaanza kwa sauti tupu, piano inaingia, unageuka opera (humo ndimo inamosikika "Bismillah"), kisha magitaa yanalipuka. Kwetu dakika 6 ni chache, mpiga udi bado anazichangamsha nyuzi. Redio za kule zilizoea nusu ya hapo.

Zama zile mtu alinunua santuri mara moja, basi. Aliyeupenda wimbo hadi kulia alihesabiwa mara moja, sawa na aliyemnunulia mwanawe tu. Ili wimbo ukae wiki 9, kila wiki walitakiwa wanunuzi wapya. Naamini hapo ndipo ugeni wake uliposaidia. Wimbo unaofanana na wenzake huwamaliza wapenzi wake mapema, kisha mwingine wa aina ileile huuondoa. Wa ajabu hauna wa kuuondoa. Tena haushikiki kwa kusikia mara moja: mtu hushangaa, humuuliza jirani, wakabishana, na baada ya majuma kadhaa yule aliyeukataa naye anakwenda dukani. Mercury alipofariki Novemba 1991, ulitolewa tena ukashika namba moja wiki 5 nyingine.

Hesabu imebadilika. Mwaka 2014 chati ya Uingereza ilianza kuingiza usikilizaji wa intaneti, mara 100 za kusikiliza zikawa sawa na nakala moja iliyouzwa. Sasa mpenzi mmoja huhesabiwa tena na tena, kama shangazi na noti zake.