Mlezi wa kidato cha sita haondoki mtihani unapoisha

Mzazi akisikia shule ina mpango wa walezi kwa vijana wa kidato cha tano na cha sita, kitu cha kwanza anachouliza ni twisheni ya masomo gani. Twisheni ina wenyewe. Mlezi ninayemzungumzia mimi hasahihishi madaftari, hana mamlaka ya kumwadhibu kijana, na hampi alama. Ni mtu mzima aliyekwisha kupita njia hiyo, ambaye ameahidi kuja kumwona mwanafunzi kila baada ya wiki mbili, na anakuja. Nimefanya kazi ya unasihi katika shule za sekondari Morogoro kwa miaka mingi, na kama kuna jambo moja ninaloliamini kuhusu walezi, ni hilo la kuja.

Tazama hali ya mwanafunzi aliyefaulu kidato cha nne. Anapangiwa shule ya bweni, mara nyingi mkoa asiowahi kuufika. Anaripoti Julai, na mtihani wa taifa anaufanya Mei ya mwaka wake wa pili, kwa hiyo hata miaka miwili haitimii. Walimu waliomjua wamebaki nyumbani, simu haruhusiwi kuwa nayo, na tahasusi (mchanganyiko wa masomo) aliyopangiwa imeshaanza kumwamulia maisha. Ndiyo maana sisi tunamkutanisha na mlezi akiwa kidato cha tano. Kumsubiri afike cha sita ni kuchelewa.

Suala la muda lina ushahidi. Big Brothers Big Sisters wa Marekani, mpango wenye mizizi yake New York tangu 1904, ulichunguzwa kwa kina na matokeo yakatolewa 1995: vijana waliopewa walezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri. Takwimu hiyo hupendwa sana kwenye semina. Inayosahaulika ni ya 2002, watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walipoyapitia tena matokeo hayo kwa kuangalia kila uhusiano ulidumu muda gani. Waliokaa na walezi wao mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika zaidi. Walioachwa ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini kwao. Mtu anayejitolea kwa shauku ya wiki chache, kisha akapotea, anamwachia kijana jeraha. Afadhali asingeanza.

Nikupe mfano wa binti mmoja, kwa ridhaa yake. Alikuwa akisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na kwao alishaitwa daktari tangu matokeo ya kidato cha nne. Fizikia ilimshinda, lakini darasani hakunyoosha mkono hata siku moja. Mlezi wake, muuguzi aliyekulia kijijini kama yeye, miezi ya kwanza alikuja tu wakaketi chini ya mti mbele ya ofisi ya walimu, mahali ambapo kila mtu anawaona (hili kwetu ni sharti, kwa usalama wa wote wawili). Waliongea habari za bwenini na za nyumbani. Muhula wa pili ndipo binti akasema, "Dada, mimi fizikia sielewi tangu mwanzo."

Mlezi hakukimbilia kwa mwalimu kumwombea msaada. Walikaa wakaandika maswali matatu, na binti akayapeleka mwenyewe. Mwalimu wa fizikia alinifuata baadaye kuniuliza yule mtoto amepatwa na nini, maana sasa anabishana naye ubaoni. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahia alama yoyote.

Kazi kubwa ilikuja kidato cha sita, alipogundua anapenda masomo ya lishe, ambayo Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro kinayafundisha. Kumwambia baba! Walifanya mazoezi ya mazungumzo hayo wiki nyingi: aanze na shikamoo na habari za shamba, asimkatize mzee, aeleze kazi zinazopatikana. Likizo ilipofika alienda akaongea peke yake. Baba hakukubali siku hiyo. Alikubali baadaye, na mazungumzo ya pili aliyaanzisha yeye.

Shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe 1993 na kuingia Tanzania 2005, huwatumia mabinti waliomaliza shule warudi kuwalea wadogo zao katika shule za jirani. Naupenda mtindo huo kwa sababu ya kilichomwezesha yule muuguzi: hakuhitaji kuelezwa maana ya kukosa ada au kalamu.

Sasa kwenu mnaotaka kuanzisha mpango kama huu. Msiuhitimishe kwa sherehe ya mahafali. Baada ya Mei kijana anarudi nyumbani au anakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), matokeo yanatoka Julai, na hapo ndipo kuna maombi ya chuo na ya Bodi ya Mikopo: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, mdhamini apatikane, fomu isainiwe serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu. Nimeona vijana wenye ufaulu mzuri wakikwama kwenye cheti tu. Sisi tunamwomba mlezi aanze kuulizia cheti hicho kidato cha tano, na ahadi yake kwetu inakwisha kijana akisharipoti chuoni.