Kumbukumbu tendaji haihifadhi ya mwezi uliopita

Nimemsikia tena mtu akilalamika kwamba kumbukumbu yake tendaji ni mbovu, eti amesahau jina la mgeni aliyetambulishwa kwake mwezi uliopita. Sivyo. Kumbukumbu tendaji ni uwezo wa akili kushika mambo machache kwa sekunde chache huku ikiyafanyia kazi. Jumlisha 38 na 47 kichwani: nane na saba kumi na tano, tano inakaa, moja inapanda, na muda wote huo tatu na nne zinasubiri zamu. Jibu likipatikana, hesabu za njiani zinayeyuka. Ndivyo inavyotakiwa.

Nadhani tunaponzwa na neno lenyewe. Kumbukumbu imetokana na kukumbuka, na masikioni mwetu inavuta nyuma: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu ya marehemu. Wengine husema "kumbukumbu ya kazi", na hapo mambo yanaharibika zaidi, maana unaliona kabisa faili la ofisini. Lakini watafiti wa akili George Miller, Eugene Galanter na Karl Pribram walipoitumia istilahi hii mwaka 1960, walikuwa wakizungumzia mipango: mahali akili inaposhikia mpango inaoutekeleza sasa hivi. Tangu hapo ilikuwa inatazama mbele.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ni jina jingine tu la kumbukumbu ya muda mfupi, yaani lile ghala dogo linaloshika mambo kwa sekunde chache bila kuyafanyia kazi. Alan Baddeley na Graham Hitch, wanasaikolojia wa Uingereza, walilishughulikia hilo mwaka 1974. Waliwapa watu tarakimu za kushika kichwani huku wakijibu maswali ya mantiki. Kama ghala lile dogo ndilo lingekuwa karakana yote, tarakimu sita zingelijaza na fikra zingekwama. Watu walichelewa, lakini hawakukwama. Wakahitimisha kuwa kuna sehemu inayoshika sauti, nyingine inayoshika picha na nafasi, na juu yao msimamizi anayegawa umakini. Ghala tupu halina msimamizi, na huyo ndiye anayesahaulika kila istilahi hizi mbili zinapochanganywa.

Basi jina la mwezi uliopita umelisahau tu, kama sisi wote. Ukiingia chumbani ukasimama katikati hujui ulifuata nini, hapo angalau unalaumu panapohusika, ingawa hata hapo mimi ningeanza kumhoji yule msimamizi.