Hesabu za mishahara kabla ya sheria za uwazi: dhana potofu na ukweli, kwa waajiri wa Lubumbashi

Tarehe 10 Mei 2023, Umoja wa Ulaya ulipitisha Agizo namba 2023/970 kuhusu uwazi wa mishahara kati ya wanaume na wanawake, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Mtu anayetunza orodha ya mishahara ya tawi la Lubumbashi la kampuni yenye makao makuu Ulaya anaweza kutarajia kuulizwa takwimu ambazo hajawahi kuulizwa, tena na watu wanaodhani kwamba ziko tayari mezani. Kabla ya kujaza jedwali lolote, inafaa kuondoa dhana chache ambazo huharibu hesabu hata kabla haijaanza.

Dhana: hiyo ni sheria ya Wazungu, sisi haituhusu.

Nusu ya kauli hii ni kweli. Agizo linawafunga waajiri walio katika nchi wanachama, na tarehe zake haziilazimishi kampuni iliyosajiliwa mkoani kwetu Haut-Katanga kuhusu wafanyakazi wake wa hapa. Hata hivyo kanuni yenyewe si ngeni kwetu. Kongo iliridhia mwaka 1969 Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1951, unaodai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 nacho kinasema kwamba hali za kazi, ujuzi na utendaji vikiwa sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, bila kujali asili, jinsia wala umri. Kwa hiyo sheria yetu inataja mambo mengi kuliko Agizo, ambalo linahesabu jinsia. Yeyote aliyekula katika kantini ya mgodi anajua kwamba pengo linalozungumzwa sana mezani ni lile la mzawa na mgeni aliyeletwa kutoka nje, na mbinu zinazoelezwa hapa zinaweza kulipima hilo pia.

Dhana: uwazi maana yake ni kubandika mshahara wa kila mtu ukutani.

Sivyo. Mfanyakazi anayelindwa na Agizo ana haki ya kujua mshahara wake umewekwa katika kiwango gani, pamoja na wastani wa wanaume na wa wanawake wanaofanya kazi sawa na yake au yenye thamani sawa, na mwajiri ana miezi miwili ya kumjibu. Anayeomba kazi huelezwa kiwango cha kuanzia, na ni marufuku kumuuliza alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka. Kundi likiwa dogo kiasi kwamba wastani wake unafichua mshahara wa mtu mmoja, nchi inaweza kuamua kwamba takwimu hizo zionwe na wawakilishi wa wafanyakazi, ukaguzi wa kazi au chombo cha usawa peke yao.

Dhana: wastani wa kampuni nzima unatosha kuonyesha kama kuna ubaguzi.

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye wafanyakazi 180. Machimboni kuna wanaume 90 wanaolipwa wastani wa dola 900 kwa mwezi, na wanawake 10 wanaolipwa dola 920. Ofisini kuna wanaume 20 wanaolipwa dola 500, na wanawake 60 wanaolipwa dola 510. Kila upande mwanamke yuko juu kidogo. Jumlisha sasa kampuni nzima: wanaume wanapata wastani wa dola 827, wanawake dola 569, yaani pengo la asilimia 31. Hakuna nambari hata moja iliyokosewa hapo. Pengo limetokana na mahali watu walipo, si na namna wanavyolipwa mahali hapo.

Mtego huu una historia ndefu. Mwaka 1975 watafiti walichapisha uchambuzi wa udahili wa 1973 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako kwa jumla asilimia 44 ya wanaume walioomba walikubaliwa dhidi ya asilimia 35 ya wanawake. Walipoangalia idara moja moja, upendeleo ule kwa wanaume haukuonekana tena, kwa kuwa wanawake wengi waliomba idara ambazo nafasi zake zilikuwa ngumu kupata.

Ila mkurugenzi asifurahi haraka. Kugawa makundi kunajibu swali moja na kuacha mengine mawili: kwa nini machimboni kuna wanawake 10 tu, na nani aliamua kwamba kazi ya ofisini ina thamani ya dola 500? Ndiyo maana Agizo linadai taarifa za namna zote mbili, yaani pengo la jumla, kwa wastani na kwa mshahara wa mtu aliye katikati ya safu, kisha pengo ndani ya kila kundi la wafanyakazi. Linadai pia kwamba wafanyakazi wagawanywe katika robo nne kuanzia wanaolipwa kidogo hadi wanaolipwa sana, ili ionekane wanawake wamejaa katika robo ipi. Mshahara wa aliye katikati una faida yake katika mji kama wetu, kwa sababu mameneja watatu wanaolipwa vizuri mno wanaweza kuupandisha wastani wa wanaume bila kumgusa dereva wala fundi hata mmoja.

Dhana: kazi sawa ni ile yenye cheo kimoja.

Agizo linapima thamani ya kazi kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Muuguzi wa dispansari ya kampuni na fundi umeme wa karakana wanaweza kuangukia kundi moja ijapokuwa hakuna anayeweza kushika nafasi ya mwenzake. Upangaji huu wa makundi ndio uamuzi mzito kuliko yote katika kazi nzima, na kompyuta haiwezi kuufanya. Unapaswa kufanywa kabla mtu yeyote hajaangalia mishahara, na ikiwezekana wajumbe wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, wakiwa wamekaa mezani, maana makundi yaliyopangwa baada ya kuona mapengo hupangwa ili kuyaficha.

Dhana: karatasi ya mshahara ina kila kitu tunachohitaji.

Hapa tawi la Kongo lina shida yake yenyewe. Sheria yetu ya Kazi haihesabu posho ya nyumba, posho ya usafiri, matibabu wala posho ya familia ya kisheria kuwa sehemu ya ujira. Agizo, kinyume chake, linahesabu kila anachopewa mfanyakazi kutokana na kazi yake, kiwe fedha au kitu, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka. Mtu anayepeleka Brussels safu ya ujira kama ilivyo katika vitabu vya Lubumbashi ameacha nje nyumba ya meneja, ambayo pengine ndiyo pengo lenyewe. Ongeza fedha mbili: kama baadhi wanalipwa kwa dola na wengine kwa faranga, lazima wote wageuzwe kwa kiwango cha tarehe moja. Mama aliye katika likizo ya uzazi, ambaye kwa wiki 14 anapata theluthi mbili ya ujira wake, asihesabiwe kana kwamba huo ndio mshahara wake. Kanuni za Uingereza za 2017 humtoa katika hesabu ya pengo la malipo ya saa mtu ambaye malipo yake yamepungua kwa sababu ya likizo, na ni desturi nzuri ya kuiga.

Dhana: ukiongeza katika hesabu vigeu vya kutosha, yaani mambo yanayotofautiana kati ya mtu na mtu, pengo litatoweka, na likitoweka umeshinda.

Rigresheni ni hesabu inayolinganisha mishahara ya watu huku ikizuia tofauti nyingine zisiingilie: miaka ya uzoefu, elimu, zamu za usiku, mahali pa kazi. Tangu 1973, Ronald Oaxaca na Alan Blinder, kila mmoja kwa kazi yake, walipoonyesha jinsi ya kulikata pengo vipande viwili, kile kinachoelezwa na sifa za watu na kile kisichoelezwa, waajiri wengi wamejifunza kukuza kipande cha kwanza. Wanaongeza daraja la kazi, kisha alama za tathmini ya kila mwaka, kisha mshahara wa zamani, hadi kigeu cha jinsia kinabaki karibu na sifuri.

Tatizo ni kwamba baadhi ya vigeu hivyo ni matokeo ya jambo lile lile tunalolichunguza. Ikiwa wanawake hucheleweshwa kupandishwa daraja, kuweka daraja katika hesabu ni kumwachia mshtakiwa aandike hukumu. Alama za tathmini hutolewa na mkuu yule yule anayependekeza nyongeza. Mshahara wa zamani hubeba pengo la mwajiri aliyetangulia na kulileta hapa likiwa limevaa sura ya sababu halali, nayo ni moja ya sababu za kukatazwa kumuuliza mwombaji. Mimi napendelea hesabu mbili zikae upande kwa upande, moja yenye vigeu ambavyo kampuni haiwezi kuvigeuza, kama miaka ya uzoefu na elimu, na nyingine iliyoongezewa daraja. Zikitofautiana sana, uchunguzi uhamie kwenye upandishaji vyeo.

Upande wa pili nao una kosa lake. Si kila kisichoelezwa ni ubaguzi. Huenda ni kitu halali ambacho hakikuandikwa katika faili. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bazemore dhidi ya Friday ya 1986, ilieleza kwamba kwa kawaida kuacha kigeu fulani kunapunguza uzito wa rigresheni kama ushahidi, wala hakuizuii kupokelewa mahakamani. Kwa maneno mengine, mwajiri anayelalamika kwamba jambo fulani limeachwa ajiandae kulileta, likiwa na karatasi zake. Zamu ya chini ya ardhi isiyoandikwa popote haimsaidii mtu.

Dhana: tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu haihitaji kushughulikiwa.

Wanatakwimu, kwa mtihani wao, huuliza kama tofauti iliyoonekana ingeweza kutokea kwa bahati tu. Ni swali zuri kwa kampuni yenye watu 3,000, ambako hata pengo la asilimia 1.5 linaweza kupita mtihani huo. Katika kundi la watu wanane halina nguvu: karibu kila kitu kitaonekana kuwa bahati. Agizo halikujenga kizingiti chake juu ya mtihani huo. Pengo likifika asilimia 5 katika kundi lolote, mwajiri asipoweza kulihalalisha kwa vigezo visivyoegemea jinsia, na asipolirekebisha ndani ya miezi sita tangu alipotoa taarifa, lazima aketi na wawakilishi wa wafanyakazi kufanya tathmini ya pamoja.

Chukua kundi la wanaume watano wenye wastani wa dola 1,000, na wanawake watatu wanaopata dola 980, 990 na 850. Wastani wa wanawake ni 940, pengo ni asilimia 6, na sehemu yake kubwa imetokana na mtu mmoja aliyeajiriwa hivi karibuni. Mtihani wa takwimu unaweza kukaa kimya, kizingiti hakitakaa. Mhasibu atagundua mara moja kwamba kumwongeza huyo dola 31 kwa mwezi kunalishusha pengo chini kidogo ya asilimia 5. Hesabu yake ni sahihi, lakini dada huyo, akiwa katika nchi inayofungwa na Agizo, bado anaweza kudai tofauti yake mwenyewe mahakamani, ambako kizingiti cha asilimia 5 hakimlindi mwajiri. Akishaleta mambo yanayoashiria ubaguzi, anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo ni mwajiri.