Je, wajua kwa nini mtoto wa tamthilia ya mchana hurudi kutoka shule ya bweni akiwa mtu mzima?

Tamthilia za Kimarekani za mchana, zile zinazorushwa Jumatatu hadi Ijumaa mwaka mzima, zina maumbile yake. Mwanamke huamka asubuhi wanja uko palepale na hereni ziko masikioni. Mgonjwa mahututi hulala wodini nywele zimechanwa. Mume huanguka na ndege baharini, huombolezewa, mjane hupata mchumba, kisha marehemu hubisha hodi siku ya harusi. Na mtoto wa miaka minane hupelekwa shule ya bweni, akarudi mwaka unaofuata na ndevu zake, tayari kugombania mwanamke na baba yake mdogo.

Lakini tamthilia hizohizo ziliwahimiza wanawake wa Marekani kupima saratani ya kizazi mwaka 1962, zikaonyesha mhusika wao maarufu akitoa mimba mwaka 1973, na zikamfuata msichana mwenye virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya miaka kumi. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kasi ya kazi.

Kurasa mia kwa siku

Tamthilia ya aina hii hutoa vipindi vinavyokaribia 250 kwa mwaka. Watu wa filamu ya sinema wakimaliza kurasa tatu au nne za mswada kwa siku hushukuru. Studio ya tamthilia ya mchana hupiga kurasa 80, na siku hizi hata zaidi ya 100. Hakuna namna ya kufika huko bila kukata kona, na karibu kila kitu kinachomchekesha mtazamaji ni kona iliyokatwa.

Kamera tatu au nne hupiga kwa pamoja, huku mwongozaji akichagua picha akiwa chumba cha pembeni. Waigizaji hupitia mahali pa kusimama mara moja, kisha hurekodi. Mtu akikwama kwenye neno na kujinasua, wanaendelea. Ukuta ukitikisika mlango unapofungwa kwa hasira, wanaendelea. Kinachorudiwa ni kosa ambalo haliwezi kufichika.

Taa nazo zinaning'inia juu kwenye fremu za chuma, zimepangwa mapema ili zimfae mwigizaji popote atakaposimama. Kwenye sinema taa hupangwa upya kila kamera inapohama; hapa muda huo haupo. Matokeo yake ni mwanga uliotandazwa sawasawa hadi usiku wa manane chumbani. Juu ya hilo, kwa miongo mingi vipindi vilirekodiwa kwa mkanda wa video, unaonasa mwendo mara 60 kwa sekunde, ilhali filamu hutumia picha 24. Jicho linalipata hilo bila kuambiwa: kila kitu kinaonekana kikali na cha karibu mno, utadhani umesimama ndani ya seti.

Na ule wanja wa asubuhi? Matukio hupigwa kwa kufuata seti, si kwa kufuata hadithi. Sebule fulani ikishawashwa taa, yanarekodiwa matukio yake yote ya vipindi kadhaa mfululizo. Mwigizaji anaweza kunywa kahawa ya Jumatatu, akabadili gauni, akalia usiku wa Jumatano, akarudi tena kwenye asubuhi nyingine. Kumwosha uso na kumpaka upya kila mara kungekula saa nzima.

Kuna jambo moja ambalo ukishaliona hutaacha kuliona. Watu wawili wanagombana. Mmoja anageuka, anatembea hatua tatu kuelekea kwetu, anasimama. Mwenzake anabaki nyuma ya bega lake. Sasa wote wawili wanatazama upande mmoja na wanaendelea kuzungumza, mmoja akiongea na kisogo cha mwingine. Hakuna mke na mume wanaogombana hivyo. Ila kamera moja imepata nyuso mbili kwa mpigo, na hakuna haja ya kupiga upande wa pili.

Kalenda ya kweli, umri wa uongo

Muda ndipo penye utamu. Mazungumzo ya jioni moja yanaweza kula wiki nzima ya vipindi, kwa sababu mtazamaji anapika, anaosha, anapitwa na siku mbili, hivyo habari ileile husimuliwa mara tatu kwa watu watatu. Wahusika hutajana majina kila sentensi ya pili kwa sababu hiyohiyo: aliyewasha televisheni sasa hivi ajue nani anazungumza na nani. Lakini Krismasi ikifika kwako, nao wanapamba mti. Hadithi inakokotwa huku kalenda ikikimbia.

Mtoto ndiye anayenaswa kati ya mwendo huo miwili. Mimba ni hadithi nono: baba ni nani, nani kabadilisha majibu ya vipimo. Kuzaliwa ni sherehe. Baada ya hapo mtoto wa miaka sita hana la kufanya. Hawezi kupenda, kusaliti wala kurithi kampuni. Sheria nayo inabana. Tamthilia nyingi zilizobaki hurekodiwa Los Angeles, na California hairuhusu mtoto mchanga wa siku 15 hadi miezi sita kufanya kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku, ndani ya saa mbili tu za kuwapo studio, tena muuguzi awepo. Ndiyo maana watayarishaji hupenda mapacha wabadilishane, na ndiyo maana vichanga vya tamthilia hulala sana ghorofani mahali ambapo kamera haifiki.

Kwa hiyo anapelekwa bweni, na anayerudi ni mwigizaji mwingine, mtu mzima asiyebanwa na sheria ya saa. Mfano unaotajwa sana ni Tom Hughes wa As the World Turns: alizaliwa mwaka 1961, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amekwisha kupigana vita vya Vietnam. Hasara yake hujitokeza baadaye. Ukimzeesha mtoto kwa miaka kumi, mama yake naye anasogea, na baada ya vizazi viwili unapata bibi wa miaka arobaini anayegombea bwana na mjukuu wake.

Wafu nao wana mkataba wao, kwa maana halisi. Mikataba ya waigizaji kwa kawaida ilikuwa ya miaka kadhaa, lakini kampuni iliweza kumwacha mtu kila mzunguko wa wiki 13 au 26. Mwandishi asiyejua kama mwigizaji atarudi hawezi kumzika kabisa. Humtupa korongoni, humchoma ndani ya ghala, humzamisha. Cha msingi maiti isionekane. Sisi tuna msemo wa vibanda vya video, kwamba steringi hafi. Huku steringi anakufa vizuri tu, ila cheti cha kifo hakipigwi muhuri.

Anayelipa na anayeonekana

Hadithi hizi zilianza redioni miaka ya 1930, zikilipiwa na watengeneza sabuni, Procter & Gamble wakiwa mbele, na zikiwalenga wanawake waliokuwa nyumbani mchana. Guiding Light ilianza redioni Januari 1937, ikahamia kwenye televisheni mwaka 1952 na kufungwa Septemba 2009. Mdhamini alikuwa na sauti hata juu ya maneno. Mwandishi Agnes Nixon alipotaka Bert Bauer, mhusika wa Guiding Light, agundulike na saratani ya mji wa mimba mwaka 1962, alipewa ruhusa kwa sharti: asitaje “saratani”, asitaje “mji wa mimba”, wala asitaje operesheni ya kuutoa. Akaandika hadithi ya saratani isiyo na neno saratani, na watazamaji wakaelewa.

Nixon huyohuyo alianzisha tamthilia ya One Life to Live mwaka 1968, na humo akafanya jambo ambalo filamu ya saa mbili isingeweza. Alimleta Carla Benari, mwanamke ambaye watazamaji walimchukulia kuwa Mzungu wa asili ya Italia. Wakamzoea. Akaingia kwenye penzi na daktari Mzungu, kisha akavutwa na daktari Mweusi, na baadhi ya watazamaji wakachukia kumwona akimbusu. Kituo kimoja cha Texas kiliondoa kipindi hewani. Hapo ndipo ilipofichuka kwamba Carla ni binti wa Sadie Gray, mwanamke Mweusi aliyesimamia usafi hospitalini. Aliyekuwa amechukia busu alilazimika kujiuliza alichukia nini hasa. Ellen Holly, aliyeigiza Carla, alikuwa Mweusi mwenye ngozi nyeupe. Baadaye alisema wazi kwamba yeye na Lillian Hayman, aliyeigiza mama yake, walilipwa chini ya wenzao Wazungu. Kuonekana kwenye skrini na kulipwa ni mambo mawili.

Kasi hiyohiyo ya kila siku ndiyo iliyoipa tamthilia ya General Hospital nafasi ya kuonyesha UKIMWI jinsi ulivyo. Mwaka 1995 kijana Stone alikufa, na mpenzi wake Robin, ambaye watazamaji walimjua tangu akiwa mtoto mdogo, akagundulika na virusi. Hakufa. Alikunywa dawa, akasomea udaktari, na mwaka 2008 akajifungua mtoto asiye na maambukizi. Tamthilia ya wiki moja moja yenye vipindi ishirini ingemuua kabla ya msimu kuisha.

Afrika Mashariki tulilijua hili kwa njia ya redio. Twende na Wakati ilianza kusikika Radio Tanzania mwaka 1993, ikifuata utaratibu wa Miguel Sabido wa Meksiko: mhusika mwema, mhusika mbaya, na katikati yao wanaoyumba. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, alikuwa mbaya hadi UKIMWI ukamfikia. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuirusha, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe wasikilizaji wa kwingine na wasiosikia kabisa.

Kasi pia inaharibu, na mfano mkubwa ni Luke na Laura wa General Hospital. Mwaka 1979 Luke alimbaka Laura. Waigizaji wakapendwa na watazamaji; nao waandishi, kwa kuwa waliandika huku wakiwasikiliza, wakageuza ubakaji kuwa mwanzo wa mapenzi. Harusi yao ya Novemba 1981 ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Ilipofika 1998 ndipo kipindi kikarudi nyuma na kumfanya mtoto wao, Lucky, agundue kilichotokea. Kwa maoni yetu hakuna kosa la seti linalokaribia hilo. Ukuta unaotikisika haumfundishi mtu jambo la uongo kuhusu kubakwa.

Walipojaribu uhalisia wa picha

Jaribio lilifanyika kweli. Februari 2008 Guiding Light iliacha kamera kubwa za studio ikachukua ndogo za dijitali za kushika mkononi, ikajenga vyumba vyenye kuta nne na kwenda kupiga nje, kwenye mitaa ya Peapack, New Jersey. Lengo lilikuwa mawili: gharama ishuke na maisha yaonekane ya kweli. Gharama ilishuka. Watazamaji wakalalamikia picha inayoyumba, sauti duni na mwanga hafifu, na mwaka mmoja na nusu baadaye kipindi kikafutwa.

Uhalisia ambao mtazamaji wa mchana huufuata uko kwenye miaka. Helen Wagner aliigiza Nancy Hughes katika As the World Turns tangu kipindi cha kwanza, Aprili 1956, hadi alipofariki mwaka 2010. Aliyeanza kumtazama akiwa bibi harusi alimwona akizeeka sambamba naye. Mwaka 1984 Jeanne Cooper wa The Young and the Restless alipofanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso, picha za upasuaji wenyewe zilitumika kama upasuaji wa mhusika wake, Katherine Chancellor. Bendeji zilifunguliwa hewani, na uvimbe ulikuwa wake mwenyewe.

Mbinu ya Carla nayo haijafa. The Bold and the Beautiful ilimleta Maya Avant mwaka 2013 kama mwanamitindo mwenye makosa na ndoto zake. Mwaka 2015 ikafichua kwamba aliwahi kuhesabiwa mwanamume, na miezi michache baadaye ikamwozesha. Mwigizaji wake, Karla Mosley, hakuwa na historia hiyo, jambo lililokosolewa. Kipindi kilikuwa pia na Scott Turner Schofield, mwanamume ambaye naye aliwahi kuhesabiwa mwanamke, kama mshauri na mwigizaji.

Kuwa na mhusika mmoja wa kundi fulani kuna taabu yake: akiwa mbaya, kundi zima limetukanwa, basi anaandikwa mwema hadi anachosha. Tamthilia ya Generations ya kituo cha NBC ilijaribu kuliepuka hilo mwaka 1989 kwa kuanza na familia ya Weusi tangu siku ya kwanza, lakini haikufikisha miaka miwili. Februari 2025 kituo cha CBS kikaanzisha Beyond the Gates, ya saa nzima, kuhusu akina Dupree, Weusi matajiri wa kitongoji cha Maryland karibu na Washington. Kwa kuwa wahusika wengi ni Weusi, humo kuna nafasi ya mtu kuwa mwongo, mlevi au mwizi wa waume bila kubebeshwa mzigo wa taifa. Bill Hamilton, wakili, alimwacha mkewe Dani na kumwoa rafiki wa binti yao.